SOMO: GHARAMA ZA KUINGIA KATIKA ARDHI YA MAWINDO, NA JINSI WANAUSHIRIKA WANAVYOWEZA KUZIPUNGUZA

Mtu anayetaka kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani huweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Akiwa na haraka, huikodi mashua nzima na kulipa yeye peke yake. Akiwa na subira, huketi ufukoni mpaka wenziwe watimie, nao wote hulipa nauli iliyo nyepesi. Mkondo ni ule ule, nahodha ni yule yule, na chombo hakikupunguzwa hata ubao mmoja. Kilichobadilika ni idadi ya mabega yanayobeba mzigo mmoja.

Somo hili linahusu mzigo wa aina hiyo hiyo, yaani gharama ambazo mwananchi hukutana nazo anapotaka kuwinda kwa halali katika ardhi iliyo chini ya mamlaka ya mwingine. Wengi katika mwambao wa Kilwa na Lindi hudhani kwamba uwindaji halali ni wa matajiri na wageni tu, na kwamba mkulima hana la kufanya ila kuwatazama wanyama wakipita, au kuingia porini usiku kama mwizi. Njia ya kwanza humnyima haki yake. Njia ya pili humpeleka gerezani. Ipo njia ya tatu, nayo ni ya ushirika.

1. ARDHI YA MAWINDO NI YA NANI?

Hapana budi katibu wa chama alielewe jambo hili kwanza, ili asiwapotoshe wanachama. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimelisisitiza jambo hilo. Wanyamapori nao ni mali ya umma, kama inavyoelezwa katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo hakuna mtu nchini anayeweza kusema, "Nyati huyu ni wangu kwa kuwa amelala shambani kwangu."

Hata hivyo, haki ya kuitumia ardhi huweza kuwa mikononi mwa mtu au kikundi. Kampuni huweza kupewa kitalu cha uwindaji wa kitalii. Na tangu mwaka 2019 baadhi ya vitalu vimetolewa kwa mnada wa kielektroniki. Kijiji kina mamlaka juu ya ardhi ya kijiji. Vijiji kadhaa huweza kuungana na kuanzisha Eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Mwenye shamba kubwa au ranchi naye ana hati yake.

Basi anayetaka kuwinda hubisha hodi katika milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Serikali, mwenye wanyama, ambako hupatikana leseni. Mlango wa pili ni wa mwenye haki ya ardhi, ambako hupatikana ridhaa ya kuingia. Leseni haimpi mtu ruhusa ya kukanyaga ardhi ya mwingine bila ridhaa yake, na ridhaa ya mwenye ardhi haiwi badala ya leseni. Wengi waliofikishwa mahakamani walibisha mlango mmoja wakausahau wa pili.

2. DESTURI YA KALE

Kutoza kitu kwa ajili ya kuwinda si jambo jipya. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa biashara kubwa, na pembe za ndovu ni miongoni mwa bidhaa zilizoujenga utajiri wa mji huo kabla ya Wareno kuuvamia mwaka 1505. Baadaye, katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ikawa mwisho wa njia za misafara iliyotoka bara na pembe.

Huko bara, miongoni mwa makabila mengi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, palikuwa na desturi moja yenye hekima. Ndovu akiuawa, pembe iliyogusa ardhi alipoanguka ilikuwa ya mtawala wa nchi ile, na pembe ya juu ikawa ya wawindaji. Desturi hiyo ilikuwa na mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, mwenye ardhi alipewa haki yake bila ubishi. Pili, wawindaji hawakudaiwa kabla ya kupata. Walilipa kutokana na walichokipata. Tatu, siku ya kukosa iliwakosesha wote, mwenye ardhi na wawindaji.

Wakoloni wa Kijerumani waliibadilisha hali hiyo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga mapori ya akiba. Ada ikawa ya fedha, ikalipwa kabla, tena na mtu mmoja mmoja. Mkulima asiye na fedha akawa nje ya mlango, huku nguruwe na nyani wakiendelea kula mazao yake. Baadhi ya wanahistoria wanalitaja jambo hilo kuwa ni miongoni mwa manung'uniko yaliyotangulia Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, Kilwa.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Kinachomzuia mwananchi maskini si ukubwa wa ada peke yake. Kinachomzuia ni kwamba ada hutakiwa yote kwa pamoja, hutakiwa kabla ya mavuno, na hutakiwa kwa mtu mmoja. Ushirika unaweza kuyarekebisha mambo hayo matatu hata kama ada yenyewe haikupungua.

3. MFANO WA VIJIJI VYA SELOUS

Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, limepakana na vijiji vingi vya kusini na mashariki ya nchi. Katika miaka ya 1980 ujangili ulikithiri humo, na wanavijiji waliokuwa jirani hawakuona faida yoyote ya kuwalinda wanyama. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1980, Serikali ya Tanzania ikisaidiwa na Ujerumani iliendesha mpango uliovishirikisha vijiji hivyo. Vijiji vilitenga maeneo, vikachagua askari wao wa wanyamapori, navyo vikapewa mgao wa wanyama wachache kila mwaka, kama vile nyati na nyumbu, wawindwe kwa ajili ya nyama ya wanavijiji.

Utaratibu huo ulikuwa na unafuu wa kweli. Mwanakijiji hakuhitaji kununua bunduki wala kujifunza kazi ya hatari. Askari wa kijiji waliwinda kwa niaba ya wote, nyama ikauzwa kijijini kwa bei nafuu, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji kulipia doria na shughuli za maendeleo. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliupanua mwelekeo huo, na ndipo zikaanzishwa jumuiya zilizoidhinishwa kisheria. Katika Mkoa wa Lindi iko Magingo, wilayani Liwale. Na upande wa Rufiji viko vijiji vya Ngarambe na Tapika vilivyoungana.

Katika Wilaya ya Kilwa yenyewe, vijiji vimeonyesha katika misitu kwamba mwenye ardhi aliyejipanga hupata bei ya haki. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu, na mpingo wao ukavunwa kwa hesabu na kwa malipo yanayoingia kijijini. Fundisho ni moja kwa mti na kwa mnyama: anayelipwa kwa haki huwa mlinzi, na anayedhulumiwa hufumba macho jangili apitapo.

4. WENZETU WA NCHI NYINGINE

Katika nchi ambazo ardhi ni mali ya mtu binafsi, tatizo hili ni kubwa zaidi, na ufumbuzi wao unafaa kuchunguzwa.

Ujerumani: Baada ya mapinduzi ya mwaka 1848, mabwana walipoteza haki ya kuwinda katika mashamba ya wakulima. Lakini shamba la mkulima mmoja lilikuwa dogo mno kwa mawindo. Ndiyo sababu sheria yao huwaunganisha wenye mashamba madogo katika chama kimoja, na eneo la pamoja kwa kawaida halipungui hekta 150. Chama hicho ndicho kinachokodisha haki ya kuwinda, na sheria inaelekeza mkataba uwe wa miaka 9 au zaidi. Muda mrefu humfanya mwindaji awatunze wanyama, maana anajua atarudi mwakani.

Ufaransa: Sheria ya mwaka 1964 iliruhusu kuundwa kwa vyama vya uwindaji vya wilaya ndogo. Wenye ardhi ndogo ndogo walitakiwa kuziweka pamoja, na wakazi wakawinda kwa kulipa ada ya uanachama. Walakini wapo waliopinga kulazimishwa, kwa kuwa dhamiri zao zilikataa uwindaji. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwapa haki, na mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa. Hapo pana fundisho kwa kila chama: unafuu wa wengi usijengwe juu ya kulazimishwa kwa wachache.

Marekani: Jimbo la Montana lilianza mwaka 1985 mpango ambao jimbo lenyewe huwalipa fidia wenye mashamba wanaowafungulia wawindaji milango, na fedha hizo hutokana hasa na leseni. Mwindaji halipi kitu langoni. Ada haikufutwa, imetawanywa kwa wenye leseni wengi, kila mmoja akichangia kidogo.

Nchi zote tatu, kila moja kwa njia yake, zimefanya jambo moja. Zimewaweka wengi pamoja upande mmoja wa meza, na zimempa mwenye ardhi sababu ya kukubali.

5. HESABU YA MFANO

Tuchukue chama chenye wanachama 24 wanaotaka kitoweo cha nyati mmoja kutoka ardhi ya kijiji kilichoidhinishwa. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, wala si viwango vya Serikali. Katibu atatumia viwango halisi atakavyopewa na Afisa Wanyamapori wa Wilaya.

Ada za Serikali: Sh. 260,000
Ada ya ardhi kwa kijiji: Sh. 120,000
Posho ya askari wa wanyamapori: Sh. 60,000
Gari: Sh. 240,000
Chumvi, magunia na mengineyo: Sh. 40,000
Jumla: Sh. 720,000

Hatua ya kwanza. Mtu mmoja angelipa Sh. 720,000, tena angebaki na kilo 240 za nyama asiyoweza kuila kabla haijaharibika. Wanachama 24 watalipa Sh. 30,000 kila mmoja na kupata kilo 10. Ieleweke kwamba bei ya kilo haikubadilika, ni Sh. 3,000 kwa vyote viwili. Kilichoshushwa ni kizingiti cha mlango.

Hatua ya pili. Chama kinaafikiana na kijiji, mbele ya Afisa Wanyamapori, kwamba badala ya Sh. 120,000 za mkononi kijiji kitapokea kilo 48 za nyama kwa ajili ya wakazi wake. Huku ni kuirudia hekima ya pembe iliyogusa ardhi. Fedha ya kutangulizwa inashuka hadi Sh. 600,000, yaani Sh. 25,000 kwa kila mwanachama, naye atapata kilo 8. Bei ya kilo imepanda kidogo, kuwa Sh. 3,125. Lakini siku ya kukosa, wanachama hawatakuwa wametupa Sh. 120,000. Wanachama wenyewe waamue katika mkutano kama kinga hiyo inastahili nyongeza hiyo.

Hatua ya tatu. Chama jirani kinasafiri siku hiyo hiyo, na gari linatumiwa kwa pamoja. Nusu ya gharama ya gari inaondoka, nayo ni Sh. 120,000. Inabaki Sh. 480,000, ambayo ni Sh. 20,000 kwa mwanachama, na bei ya kilo inakuwa Sh. 2,500. Hapa sasa gharama yenyewe imepungua, si kugawanywa tu.

Hatua ya nne. Sh. 20,000 hizo zisidaiwe siku moja. Mwanachama akiweka Sh. 4,000 kwa mwezi, miezi mitano inatosha. Au akubali kwa maandishi kwamba zikatwe katika malipo yake ya ufuta au korosho, kama makato mengine yanavyofanywa. Makato yasiyo na idhini ya mwanachama ni dhuluma, hata yakiwa kwa jambo jema.

6. HABARI YA NGURUWE NA WAHARIBIFU WENGINE

Wanachama wengi wa mwambao huu ni Waislamu, na nguruwe kwao si kitoweo. Kwa hiyo hesabu ya nyama haifai hapa. Malipo ya kazi ni mihogo na mahindi yaliyosalimika. Haki basi ni kila mwenye shamba kuchangia kwa ekari zake, si kwa kichwa, maana mwenye ekari sita ana zaidi ya kuokoa kuliko mwenye ekari moja. Chama kipeleke ombi moja la mashamba yote kwa Afisa Wanyamapori, kwa maandishi, badala ya kila mkulima kwenda ofisini peke yake. Sheria inamruhusu mtu kujitetea na kutetea mali yake dhidi ya mnyama, lakini ni lazima taarifa itolewe mara moja, na mnyama aliyeuawa hivyo ni nyara ya Serikali.

7. TAHADHARI

(a) Leseni hutolewa kwa jina la mtu, wala haiazimwi. Chama kisiichukulie kuwa ni mali yake. Atakayewinda awe na leseni na silaha halali, au kazi ifanywe na askari wa kijiji chini ya mgao ulioidhinishwa.

(b) Kugawana nyama ni jambo moja, na kuiuza ni jambo jingine. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori kwa wenye leseni maalumu. Mwanachama anayeuza fungu lake barabarani anaweza kukiponza chama kizima.

(c) Serikali huweza kufunga uwindaji kwa muda au katika eneo fulani. Katibu aulize kwanza, ndipo achangishe.

(d) Mchinjaji anayekubaliwa na wanachama afuatane na msafara, ili nyama isije ikafika kwa wanachama ikakataliwa kwa sababu za dini.

(e) Unafuu usitafutwe kwa kuongeza idadi ya wanyama. Chama kitakachosema, "Kwa kuwa gari limekwisha kulipiwa, tuue wawili," kimekuwa jangili mwenye mhuri. Mgao ni mali ya watoto wa mwakani.

8. KAZI YA KATIBU

Katibu afungue daftari la pekee, lisichanganywe na hesabu za mazao. Humo ataandika majina ya wachangiaji, tarehe na kiasi; namba ya leseni na jina la mwenye leseni; mapatano na kijiji yaliyotiwa sahihi na pande zote mbili; uzito wa nyama iliyopatikana na fungu la kila mtu; na fedha iliyosalia. Siku saba baada ya safari, hesabu ibandikwe mahali ambapo kila mwanachama ataiona. Ikiwa msafara umerudi mikono mitupu, hesabu ibandikwe vile vile, tena mapema zaidi, kwa kuwa shaka huota haraka penye hasara. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pia katibu aepuke kosa lililoviharibu vyama vingi, la kuwapa viongozi mafungu manono. Fungu la mwenyekiti na fungu la mjane mwenye ekari moja yapimwe kwa mizani ile ile, mchana, mbele ya watu. Chama kisipofanya hivyo, mwaka unaofuata wachangiaji hawatakuwa 24. Watakuwa 10, na kila mmoja atadaiwa zaidi ya maradufu. Uaminifu wenyewe ni sehemu ya unafuu, maana ndio unaowaleta wengi ufukoni kungoja mashua moja.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MKUTANO

1. Ni milango gani miwili ambayo mwindaji halali hana budi kubisha hodi? Kwa nini mmoja hautoshi?

2. Katika hesabu ya mfano, ni hatua ipi iliyogawanya gharama tu, na ni ipi iliyoipunguza kweli?

3. Wanachama wa chama chenu wangechagua kukilipa kijiji kwa fedha au kwa nyama? Toeni sababu, mkikumbuka siku ya kukosa.

4. Wanachama 24 wakipungua na kuwa 16, kila mmoja atalipa kiasi gani katika hatua ya tatu? (Jibu: Sh. 30,000.) Nini kingeweza kuwafanya wanane wajitoe, na chama kingefanya nini mapema kulizuia jambo hilo?

5. Mwenye shamba akikataa kabisa watu kuwinda katika ardhi yake, chama kina haki gani, na kina wajibu gani?